Gari Lililokatazwa Kuvuka Busisi

Siku ile tuliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe, ambaye marehemu alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, yeye wa pili kuzaliwa na mimi wa nne. Mwanangu wa kiume, kitinda mimba wangu, anayefanya kazi kiwandani hapa Nyakato, Mwanza, ndiye aliyeendesha gari kwa sababu ndiye mwenye leseni. Binti mkubwa wa huyo kaka yangu, mwanamke mzima wa kuuza vitenge sokoni, ananiita shangazi. Mwenye gari, ambaye si ndugu wa mtu yeyote kati yetu, na nashukuru. Na kule ng'ambo ya ziwa walikuwepo wifi yangu, mjane wa kaka. Mwanawe wa kwanza wa kiume. Na binamu yangu mmoja ambaye ndiye mwenyekiti wa ukoo. Watu wengine walikuwa wengi, lakini nikiwataja wote tutalala hapa.

Majina yao yote ninayo kichwani. Ninayo hata ya babu zao, na ya ng'ombe wa babu zao. Nimeyaacha makusudi, kwa sababu wengine bado tunasalimiana, na mtu akijiona kwenye karatasi huwa anasahau salamu. Mimi niliishia darasa la nne. Atakayeona nimeandika kama mtu anayeongea, ajue ndivyo ninavyoongea.

Kaka alifariki, tukazika, watu wakatawanyika. Ikapita arobaini. Sasa mahakama ya mwanzo haimpi mtu usimamizi wa mirathi mpaka wazee wa ukoo wakae, waandike muhtasari wa kikao, na ndani ya huo muhtasari iwepo orodha ya watoto wa marehemu na sahihi za waliokaa. Basi kikao kikapangwa kufanyika kule nyumbani kwake, mbele ya Busisi, ng'ambo ya daraja la ziwa, ukiacha lami unaingia ndani kwenye barabara ya vumbi.

Mwanawe wa kiume akanipigia simu siku tatu kabla. Akanisalimu vizuri, akaniuliza nyonga yangu, maana mwaka huo nilikuwa nimeanguka na kutembea kwangu kulikuwa kwa kuhesabu. Akasema nisijisumbue kusafiri, wakishamaliza wataniletea karatasi Mwanza niweke dole. Nikamwambia anisomee hiyo orodha ya watoto. Akasoma. Watano.

Nikamwambia, "Wa kwanza umemruka."

Akasema huyo watamwangalia baadaye, mambo ya kikao yakiisha.

Huyo aliyerukwa ndiye binti ninayemsema, wa vitenge. Kaka alimzaa kabla hajaoa, na msichana wa jirani zetu. Kwetu mtoto wa namna hiyo ni wa kwa babu yake mzaa mama, mpaka baba yake atoe ng'ombe wa kumkomboa. Kaka alitoa. Nilikuwepo, nilikuwa msichana wa kuchota maji, nikaona kwa macho yangu. Kuanzia siku ile mtoto ni wetu, na jina lake alipewa la mama yetu. Waliokuwa watu wazima siku hiyo wote wamekwisha. Na orodha ikishasainiwa ikaenda mahakamani bila yeye, itabidi aanze kufungua kesi na ndugu zake, na yeye si mtu wa kesi. Angeacha. Ninamjua, angeacha kabisa, na siku ya kufa kwake watu wangeuliza azikwe wapi.

Nilimpigia yeye nikamwambia tunakwenda wote. Akasema, shangazi, walishaniambia mtoto wa nje hakai kikaoni. Nikamwambia mimi ndiye nitakayekaa kikaoni, yeye atanishika mkono tu, mimi mgonjwa wa nyonga.

Basi la abiria lingetushusha kwenye lami, halafu tutembee. Pikipiki daktari alinikataza. Kwa hiyo tukakodi gari. Na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Kitinda mimba wangu alimpata mtu wa kukodisha magari, ana kibanda chake pembeni ya gereji huku huku Nyakato. Tulikubaliana gari la viti saba, lile la kuingia bila kuinama, kwa sababu ya nyonga. Nikatoa hela ya mbele mwenyewe, kutoka kwenye mahindi yangu, sikumwomba mtu. Tulipatana gari liwe tayari saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa kikao kilikuwa saa nne.

Saa kumi na mbili tulikuwa tumesimama pale na kibanda kimefungwa. Mwenyewe alikuja saa moja na nusu, amevaa suti. Nikajua mara moja kuna jambo, mtu wa gereji havai suti asubuhi. Akatoa shikamoo ndefu, nikaitikia fupi. Akasema gari letu lilikuwa na harusi.

"Gari lina harusi?" nikamuuliza. "Linaoa au linaolewa?"

Akacheka, mimi sikucheka. Akasema kuna watu wa harusi walilitaka sana, nao ni jamaa zake, na yeye mwenyewe ndiye dereva wa maharusi siku hiyo. Lakini tusihofu, kuna lingine. Akatuonyesha kigari kidogo cha milango minne kimekaa chini kama kuku anayetamia. Mlango wa nyuma, upande niliotakiwa kukaa mimi, ulikuwa unafunguliwa kwa nje tu. Kioo chake kilikuwa hakishuki. Mwanangu akaanza kukasirika, akasema arudishe hela. Nikamshika mkono. Hela ningerudishiwa, lakini orodha ingesainiwa. Nikamwambia mwenye gari kwamba tutakipanda hicho hicho, alete hiyo karatasi yake.

Akaleta karatasi ya mkataba, akampa mwanangu. Nikasema mkataba ni wangu, hela ilitoka kwangu. Akanitazama, akatazama nywele zangu, akasema kwa upole sana kwamba kwa kawaida wanaandika jina la mwanaume, au kama ni mama basi awe na mdhamini. Nikamwuliza kwani mwanaume akigonga gari, linapona? Akaandika jina langu. Halafu, bila kuniuliza, akafungua droo akatoa ile pedi ya wino, akaifungua kifuniko na kuisogeza mbele yangu.

"Hapo bibi, weka dole tu."

Jamani! Ilikuwa mara ya pili ndani ya wiki moja watu wananiombea dole langu. Darasa la nne ni darasa. Mimi nilikuwa nasomea barua za mtaa mzima, nikijibu na kuandika anwani, wakati huyu hajazaliwa wala baba yake hajavaa suruali ndefu.

"Kalamu ipo?" nikasema.

Akanipa kalamu. Sikusaini. Nikavuta karatasi, nikavaa miwani, nikaanza kusoma. Ninasoma polepole, mstari kwa mstari, na midomo yangu inatembea. Mwanangu akaninong'oneza, "Mama, tunachelewa." Nikamwambia tulishacheleweshwa na bwana harusi, dakika hizi ni za kwangu. Mwenye gari alikuwa anaangalia saa yake, anaangalia viatu vyake, anaangalia mlangoni.

Mkataba ulisema gari lisibebe samaki, wabichi wala wakavu. Lisibebe mkaa. Lisibebe saruji. Lirudi kabla giza halijaingia. Na chini kabisa, mstari wa mwisho, ulisema: gari haliruhusiwi kuvuka Busisi.

Nikamwuliza, sisi tulimwambia tunakwenda wapi? Akamtazama mwanangu, na mwanangu akatazama chini. Ndipo nikajua kwamba mwanangu alisema tunakwenda Usagara. Wengi wanafanya hivyo, ukikodi gari unataja pale karibu ili upewe bei ya karibu, halafu unakwenda unakokwenda. Kila mtu anajua, hata mwenye gari anajua, ndiyo maana naye anapandisha bei ya Usagara. Mwanangu hakufanya kwa ubaya, ila nilimtazama jicho ambalo analijua tangu mdogo.

Nikamwambia mwenye gari ukweli wote. Tunakwenda ng'ambo ya Busisi, kwenye kikao cha ukoo, kwa sababu hii na hii. Nikamwongezea na tofauti ya bei hapo hapo. Akapokea. Akasema wala nisijali ule mstari, hiyo fomu ni ya zamani, ya wakati wa kivuko. Gari lake moja liliwahi kukaa foleni ya kivuko siku mbili, likarudi limechelewa harusi ya mtu, ndiyo akaweka sharti lile. Siku hizi daraja lipo, watu wanapita juu bila kusimama.

"Wewe saini tu bibi," akasema. "Hakuna atakayekuuliza."

"Kama hakuna atakayeniuliza, ufute."

Akacheka tena. Nikamrudishia kalamu. Nikamwambia aukate ule mstari, na pembeni yake aweke sahihi yake, na nakala moja nikae nayo mimi. Alifanya kwa haraka huku anatikisa kichwa, akamwambia mwanangu, huyu bibi angekuwa wakili. Ndipo nikasaini majina yangu yote matatu, na la tatu likaingia kwenye nafasi ya tarehe kwa sababu halikutosha.

Tukaondoka. Nilikuwa nyuma, yule binti amekaa mbele na mwanangu. Tukafika Usagara. Pale njia inapokata kwenda Kigongo, linakoanzia daraja, akageuka akaniuliza, shangazi, na wakinifukuza mbele za watu? Nikamwambia wakikufukuza wewe watanifukuza na mimi, na mimi kutembea siwezi, watalazimika kunibeba, nione nani atashika miguu. Akatabasamu kidogo, lakini mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua ncha ya kitenge.

Darajani tulipita vizuri. Maji pande zote mbili, na mimi nikawa natafuta kwa macho pale tulipokuwa tunakaa zamani kusubiri kivuko, na kaka akininunulia karanga. Kwa miguu ya siku zile na foleni ya siku zile tungefika jioni. Juu ya daraja tulitumia muda wa kumaliza kuongea habari moja. Nikasema moyoni, tutawakuta hawajaanza.

Tukashuka upande wa Busisi. Gari likaguna mara mbili, likazima.

Mwanangu akalisukumia pembeni kwa ule mwendo uliobaki. Akawasha, halikuwaka. Akawasha tena, likakaa kimya kabisa, hata kukohoa halikukohoa. Akashuka, akafungua boneti, akaingiza kichwa. Binti naye akashuka. Wakawa wanajadiliana huko mbele, na watu wa pikipiki wakaanza kusimama, mmoja anasema betri, mmoja anasema pampu ya mafuta, mmoja anasema magari ya kukodi yote yamerogwa. Mimi nikabaki ndani. Mlango wangu ulikuwa wa kufunguliwa kwa nje, kioo hakishuki, na jua lilishaanza kazi. Nikagonga kioo. Hawakusikia. Nikachukua fimbo yangu nikagonga paa kwa ndani, ngo ngo ngo, mpaka mama mmoja muuza samaki wa kukaanga akaja kunifungulia.

"Shikamoo bibi. Wamekusahau?"

"Marahaba. Hawajanisahau, wanatibu gari."

Akaniletea kiti chake cha plastiki nikakaa kivulini kwenye kibanda chake. Vibanda vingi pale vilikuwa vimefungwa. Alinieleza kwamba wenzake waliishi kwa foleni ya kivuko, na foleni imekwisha, nao wamehama. Yeye amebaki kwa sababu kibanda ni chake na hatoki. Nikampenda.

Mwanangu alimpigia mwenye gari. Simu haikupatikana. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Bila shaka alikuwa anapiga honi mbele ya maharusi. Ilikuwa saa nne imepita. Nikampigia binamu yangu mwenyekiti, nikamwambia nipo Busisi, wanisubiri. Kulikuwa na kelele za watu. Akasema nimeeleweka, lakini watu wana njaa, wamekubaliana kusaini kwanza ndipo wale, na chakula kinakaribia. Akakata.

Binti akaja akachuchumaa mbele yangu. Akasema, "Shangazi, turudi. Labda Mungu hataki."

"Mungu hana gari la kukodi," nikamwambia. "Inuka."

Pale pembeni kulikuwa na pikipiki ya mizigo, ile ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma. Mwenyewe alikuwa mtu mzima, amepakia magunia mawili ya pumba. Nikamwita nikamwuliza anaelekea wapi. Akasema Sengerema. Nikamwuliza kama anaweza kukatia ndani, nikamtajia kijiji. Akasema anaweza, lakini bibi nitakuweka wapi, hapa ni mizigo. Nikamwambia aniweke kama mzigo, ila uso wangu uelekee mbele.

Yule mama wa samaki, bila kuombwa, akachukua kiti chake akakipandisha juu ya bodi. Wakakifunga kwa ile mipira ya kufungia mizigo, huku na huku. Kunipandisha ilikuwa kazi ya watu wanne, na mimi nikiwaelekeza. Mwanangu alikuwa anapinga, daktari kasema, nyonga, barabara ni mbovu. Nikamwambia daktari alikataza pikipiki ya magurudumu mawili, hii ina matatu. Abaki na gari la watu asije akaibiwa matairi, mkataba una jina langu. Binti akasimama nyuma yangu kwenye magunia, akakumbatia kiti na mimi ndani yake.

Sitawadanganya, niliumia. Kila shimo nililijua. Lakini nilikaa nimenyoosha mgongo, na watu wa njiani wakawa wanasimama kunitazama, na wengine wanatoa shikamoo. Nikaitikia zote.

Tulipoingia uani kwa kaka, kitu cha kwanza nilichotazama ni jikoni. Masufuria mengi yalikuwa bado mekoni na vifuniko juu. Nikajua hawajasaini. Wazee walikuwa wamekaa kwenye turubai, na katikati kuna meza ndogo, na mwandishi wa kikao alikuwa yeye mwenyewe, mtoto wa kiume wa marehemu, kalamu mkononi. Pikipiki ikaenda mpaka kwenye turubai ndipo ikazima.

Wote wakainuka kunipokea, wakataka kunishusha. Nikasema nisishushwe kwanza, nyonga imekaza, nitaongea hapa hapa. Na kweli ilikuwa imekaza. Lakini pia nilipenda pale juu. Watu wote ilibidi wainue shingo.

Nikatoa salamu za msiba upya, kama inavyotakiwa. Nikamwomba mwandishi asome orodha ya watoto. Akasoma, watano, sauti ikiwa ndogo. Nikasema anapungua mmoja.

Akaongea kwa heshima, siwezi kumsingizia. "Shangazi, sisi dada tunamfahamu. Hatumkatai. Ila hakuna cheti wala barua inayosema baba alimchukua. Mahakama inataka karatasi."

"Karatasi ndiyo hiyo unayoandika," nikasema. "Mahakama inasubiri kusikia kutoka kwenu, na wewe unasema unaisubiri mahakama."

Wazee wakaguna. Mmoja akasema basi na wenye kujua waseme. Nikasema nitasema mimi. Nikaeleza mwaka ule tulipokuwa tunakaa, na nyumba ya jirani ilipokuwa, na jinsi baba yetu alivyokataa, kisha mama yetu akamlilia mpaka akakubali. Nikaeleza ng'ombe. Walitoka watatu: jike mweusi mwenye baka jeupe tumboni, mtamba mwekundu pembe zimeelekea chini, na dume la kijivu ambalo halijahasiwa. Walitoka asubuhi, umande upo. Mama wa mtoto alikuwa mlangoni kwao amembeba mgongoni, na ng'ombe walipoingia zizini babu wa mtoto alimshika huyu mtoto akamkabidhi baba yangu mbele ya watu.

Mwandishi akauliza, kwa upole tena, kama yupo shahidi mwingine aliye hai.

Nikamgeukia binamu yangu mwenyekiti, aliyekuwa amekaa anachora chini kwa kijiti. Yeye na mimi ni watani tangu utoto.

"Binamu," nikasema. "Wale ng'ombe nani aliwaswaga?"

Akaendelea kuchora.

"Vua kiatu," nikamwambia.

Watu wakacheka, hawajajua ni nini. Nikasema avue kiatu cha kulia aonyeshe kidole gumba. Yule mtamba mwekundu alimkanyaga siku ile pale penye kijito, kucha ikatoka na haikuota tena mpaka leo, na alilia njia nzima, na mimi ndiye niliyemfunga na kipande cha gauni langu. Gauni lenyewe nilipigwa kwa ajili yake.

Binamu yangu alikuwa amekula siku tatu katika nyumba ile, na mwenye kumlisha ndiye aliyeshika kalamu, na mimi nilimwelewa. Lakini akavua kiatu. Hakukionyesha kidole, alikishika tu kwa mkono kama mtu aliyejikwaa sasa hivi.

"Ni kweli," akasema. "Niliwaswaga mimi. Mwandike."

Mwandishi akainama. Akaandika chini, namba sita, akaanza jina.

"Hapana," nikasema.

"Shangazi, si unaona nimemwandika?"

"Alizaliwa wa sita?"

Akasema muhtasari umeshaandikwa kurasa tatu, kwa mkono, kubadilisha namba moja ni kuanza upya, na chakula kimeiva. Nikamwambia chakula kipakuliwe, mimi nitasubiri hapa juu, sina njaa. Mwenye pikipiki akasema naye hana haraka, amesahau hata pumba. Wazee wakatazamana. Hakuna mtu anayeweza kula mbele ya mwanamke mzee aliyefungwa kwenye kiti juu ya mzigo akimtazama.

Ndipo wifi yangu akatoka jikoni, akifuta mikono. Akamwendea mwanawe, akavuta kiti, akakaa karibu naye, akamwambia, "Andika upya baba. Mimi nilipoolewa hapa nilimkuta anatambaa."

Akaandika upya. Kurasa tatu. Alichana ile ya kwanza vipande viwili, si kwa hasira, akaiweka chini ya jiwe. Alipofika kwenye watoto alimwuliza dada yake namna jina la bibi yao linavyoandikwa, na dada yake akamtajia herufi moja moja, akiwa bado amekishika kiti changu kwa nyuma. Namba moja. Nikashushwa. Nikaletewa karatasi na pedi ya wino. Nikaisukuma pedi pembeni nikasaini majina yangu matatu, na safari hii yalitosha.

Mwanangu alifika tumeshakula. Mwenye gari alikuwa amepokea simu hatimaye, katikati ya keki. Kumbe kwenye gari kuna kifaa kimefichwa ndani, ameunganisha na simu yake, gari likipita Busisi linajizima lenyewe. Karatasi alikata, kifaa akasahau kukiambia. Akakifungua akiwa huko huko ukumbini, gari likawaka. Lakini badala ya pole, alimwambia mwanangu kwamba tumevunja mkataba na tutalipa usumbufu. Nikaomba simu. Nikamwambia nina nakala yake mkononi, mstari umekatwa na sahihi yake ipo pembeni, na nikitoka hapa nitapita kwake kumsomea, polepole, mstari kwa mstari. Akasema basi bibi yaishe.

Wifi yangu alitaka kunifungia sato wakavu. Nikakataa. Sharti la samaki halikukatwa, na mimi nilisaini. Akaingia zizini akatoka na mbuzi jike, mwenye mimba, akamkabidhi yule binti, akamwambia ni wa kwako, ukafuge. Mwanangu akaanza kusema mama, gari la watu. Nikatoa karatasi nikamwonyesha. Samaki, mkaa, saruji. Mbuzi hajatajwa popote.

Tukampakia nyuma pamoja na mimi. Busisi tulisimama kurudisha kiti, na yule mama wa samaki akamwangalia mbuzi kupitia kioo akasema, bibi, umekwenda mmoja unarudi wawili. Darajani mbuzi alisimama kwenye kiti, akatazama ziwa njia nzima, na kabla ya Usagara alifanya alichofanya, na hicho nacho hakikuandikwa kwenye mkataba.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Waliokuwepo wakiona nimekosea waniambie, nitashukuru. Inawezekana masufuria yalikuwa manne nami nimeyaona mengi kwa hofu. Inawezekana mwenye gari alifika saa moja na robo. Anayejua dume la kijivu lilikuwa limehasiwa au la, aje, nitampa kiti, tubishane. Lakini kwenye orodha ya watoto wa kaka yangu msiguse, hasa ile namba moja. Hiyo ninayo kichwani, na sasa ipo mahakamani pia.